Sweta ya Kupimia Nguo

Ukipita Kaloleni pale Voi saa saba mchana, wakati hata kuku wameacha kubishana na kujificha chini ya pikipiki, chungulia dukani kwa Fundi Kathini. Huenda ukamkuta mtu mzima na heshima zake, pengine mwalimu mkuu, pengine mzee wa kanisa, amesimama mbele ya kioo akiwa amevaa sweta nzito ya rangi ya matope. Mikono ameinyoosha pembeni kama anayekaguliwa na polisi, jasho linatiririka kutoka utosini hadi kwenye nyusi. Kathini anamzunguka na futi yake bila haraka yoyote. Mtu akilalamika, anajibiwa neno moja.

"Vumilia."

Sisi majirani tumezoea. Wageni hudhani ni toba ya kanisa jipya. Lakini sweta hiyo ina sababu, na sababu yenyewe ilianza zamani, wakati Kathini alikuwa mtoto wa darasa la pili na tayari mdomo wake unamzidi umri.

Mama yake, Mumbe, alikuja Voi kutoka Ukambani akaanza kuuza nyanya na vitunguu sokoni. Mtoto akitoka shule alitakiwa kukaa kando ya mama yake, atulie, afanye hesabu zake. Ubaya ni kwamba Kathini alikuwa mkweli. Mteja akishika nyanya, mtoto anauliza kwa sauti ya kengele ya shule, "Mama, si hizi ndizo ulisema zimelala?" Mumbe alivumilia wiki chache. Halafu siku moja akamshika mkono, akamvusha barabara na kumkabidhi kwa mshonaji aliyekaa kwenye veranda ya duka la jumla.

"Fundi Reuben, nisaidie na huyu. Akae hapa mpaka nifunge."

"Anafanya nini?"

"Anaongea."

"Basi amefika," Reuben akasema.

Reuben alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, wa kule juu milimani, mbele ya Werugha. Alikuwa mwembamba na mwenye maringo, na alivaa tai kila siku ya Mungu, katika joto la Voi ambalo linaweza kuyeyusha sabuni kwenye karatasi yake. Nyuma ya kola alichomeka sindano yenye uzi tayari, kama vile askari anavyotembea na risasi. Aligombana na kila mtu: na mwenye duka, na mbuzi wa mwenye duka, na zaidi ya wote na Mama Koki.

Mama Koki aliuza mitumba kwenye veranda hiyo hiyo, hatua chache kutoka kwa cherehani. Mshonaji na muuza mitumba kukaa pamoja ni kama kumweka daktari wa meno karibu na muuza miwa, ila hawa hawakusaidiana.

"Kila nguo unayouza wewe," Reuben alikuwa akisema, "ni nguo ninayokosa kushona mimi."

"Na kila nguo unayoshona wewe," Mama Koki alijibu bila kugeuka, "siku moja itakuja kwangu. Mimi nina subira."

Mtoto akakaa katikati yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake, na ada yake ilikuwa kusikiliza matusi ya pande zote mbili.

Mama Koki alimfundisha kugeuza nguo. Marobota yakifunguliwa, kazi ya Kathini ilikuwa kuchukua kila nguo, kuigeuza nje ndani, na kutangaza alichokiona. "Nje ni uso wa kwenda kanisani," Mama Koki alimwambia. "Wewe niangalizie nyumbani kwao." Baada ya muda mtoto alikuwa anasoma mishono kama watu wengine wanavyosoma gazeti. "Hii ilishonwa na mtu mwenye haraka." "Hii ilishonwa na mtu aliyependa mwenye nguo." "Hii, Mama Koki, sijui, nafikiri alikuwa analia." Mama Koki alicheka hadi akaketi juu ya bidhaa zake.

Tena alimfundisha kufunga ule mdomo, au angalau kuupaka mafuta. "Usimwambie mteja nguo haimtoshi. Mwambie nguo haijamfikia." Ukweli ni ule ule, ila mtu anaondoka akiwa mrefu zaidi.

Reuben naye alimfundisha mistari miwili. Mafundi wengine wanashona ubavu wa nguo mara moja, wanakata kitambaa kilichobaki, wanatupa. Reuben hakukata. Aliacha kitambaa ndani, upana wa vidole viwili, vitatu, kisha akashona mara mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa karibu na ukingo, mshono mdogo mdogo na imara, ambao hakuna macho yangeuona. Mstari wa pili ulikuwa ndani zaidi, mshono mrefu, ndio ulioifanya nguo ikae mwilini. Siku mwenye nguo akiongezeka, unakata mstari wa pili, unavuta uzi, na nguo inafunguka yenyewe hadi ule wa kwanza. Hakuna kushona upya, hata cherehani haihitajiki.

Kathini aliijua faida yake mwilini mwake. Gauni lake la shule lilitoka darasa la tatu hadi la sita. Hilo Reuben alilishona kwa mistari ya ziada, kila Januari akavuta uzi mmoja, na gauni likampokea tena. Tatizo ni kwamba pale mshono ulipokuwa palibaki mstari, rangi ya mwanzo kabisa kabla ya jua na sabuni, na wenzake wakamcheka. Kathini aliwaangalia kwa huruma.

"Nyinyi hamwoni hata sajenti ana mistari? Hiyo ni alama ya cheo."

Wiki iliyofuata msichana mmoja aliomba kuchorewa yake kwa chaki. Darasa la Mama Koki halikupotea bure.

Kilichomsumbua ni kwamba Reuben alifanya hivyo hata kwa watu wazima. Siku moja Kathini alishika koti la mzee wa kule milimani, mzee ambaye alikuwa amekauka kama kuni, akaona mistari miwili.

"Fundi, watoto wanakua, sawa. Huyu mzee naye anakua?"

"Shona."

"Anakua kuelekea wapi?"

Reuben alicheka hadi tai ikampiga kifuani. Halafu akafuta macho na kusema maneno aliyomwambia kila mara alipouliza swali hilo, miaka yote: "Siku utapanda kwetu utaelewa."

Kathini hakupanda. Aliamua mwenyewe kwamba watu wa milimani wanakula kimanga, ule muhogo wao wa kuponda na maharagwe, kupita kiasi, na nguo zao lazima zijiandae. Jibu lilimtosha. Aliendelea kushona mistari miwili kwa sababu akishona mmoja alipigwa na futi, na mstari ukipinda Reuben aliurudisha akisema, "Hii ni barabara ya kupanda mlima wa Wundanyi. Toa kona, nitatapika."

Magoti ya Reuben yalipokataa kukanyaga cherehani, alirudi kwao. Mama Koki, ambaye alikuwa amengoja siku hiyo maisha yake yote, alilia wiki nzima na kumkataza mtu yeyote mwingine asiweke kiti pale. Kathini alikaa pale yeye. Kutoka pale akahamia Kaloleni, kwenye duka lenye mlango wake, kioo chake, na jina lake mwenyewe limeandikwa juu kwa rangi ya bluu. Wakati huo alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto, sauti bado ni ile ya kengele.

Ng'ambo ya barabara kuna Hillary. Hillary ana cherehani za umeme, taa kuzunguka kioo, na muziki ambao unamfanya mteja atikise kiuno hata kabla suruali haijaisha. Nisimwonee, kijana anajua kushona. Suti yake inakukaa kama vile ulizaliwa nayo. Ila ndani hakuna kitu, ukingo ni mwembamba kama ahadi ya mwanasiasa.

"Fundi Kathini," alikuwa akivuka kuja kumchokoza, "hicho kitambaa unachokificha ndani, mimi ningeshona nguo ya mtu mwingine."

"Mtu mwingine aje na kitambaa chake."

"Siku hizi ni kubana, Mama. Watu wanataka kuonekana."

"Wataonekana. Siku wakikohoa."

Basi ikaja kazi ya majoho.

Kwaya moja ya kule milimani ilishuka Voi mwezi wa Januari kuimba kwenye mkutano mkubwa wa kanisa. Kule kwao walikuwa wanamalizia jengo jipya la kanisa, lingefunguliwa Julai, na kwaya ilitaka kuingia ikiwa imevaa majoho mapya ya rangi ya zambarau. Mwenyekiti wao, Mama Lynn, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwanza kanisani na ya mwisho kwenye kamati. Kamati ilitaka kazi yote apewe Hillary. Mama Lynn alivuka barabara, akaingia kwa Kathini, akachukua gauni lililoning'inia, akaligeuza nje ndani, akaona mistari miwili.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Fundi Reuben."

"Reuben wetu?" Akaligeuza tena. "Majoho ni yako. Wahudumu wa mlangoni watavaa makoti ya yule kijana, kamati isinipasue kichwa. Lakini Fundi, nimeweka shingo yangu hapa. Ukiniaibisha, mlima mzima utajua kabla sijafika nyumbani."

Hakuwa anatania. Nusu ya wateja wa Kathini ni watu wa huko juu wanaoshuka siku za soko. Majoho yakipendeza, kila harusi na kila kwaya kutoka Wundanyi hadi Mgange ingemjua. Yakiharibika, lile jina la rangi ya bluu lingebaki la kusomwa na kuku.

Aliwapima wote siku hiyo hiyo, kwenye uwanja wa nyuma wa duka. Joto la Januari mnalijua. Kinamama walikuwa na blauzi nyepesi, wazee wa besi wamefungua vifungo hadi tumboni, kila mtu anajipepea na kitabu cha nyimbo. Alipima vizuri, akakata, akashona miezi kadhaa. Na kwa kila joho, mistari miwili, kama alivyofunzwa. Hillary alimpita akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mgonjwa.

Siku chache kabla ya sherehe simu ikalia.

"Nasikia unatuvisha," sauti ya Reuben ikasema. Ilikuwa imezeeka lakini maringo yalikuwa yale yale.

"Ndiyo, Mzee. Utakuwepo?"

"Nitakuja kuyageuza. Mbele ya watu."

Kathini alicheka, akakata simu, kisha akaenda kuyageuza yote yeye mwenyewe. Lililobaki lilikuwa joho la Mama Lynn, ambalo alilimalizia asubuhi ya safari huku dereva wa pikapu ya kanisa akipiga honi nje.

Sasa nisikilize vizuri. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa Voi. Milima ya Taita aliiona kila asubuhi akipiga mswaki. Lakini kuiona na kuipanda ni mambo mawili. Ilikuwa kwake kama jirani unayempungia mkono miaka yote bila kuingia kwake hata siku moja. Basi alipanda kwenye pikapu akiwa amevaa gauni la maua lisilo na mikono na viatu vya wazi, kwa sababu katika maisha yake yote Kathini hakuwa amewahi kumiliki sweta. Baridi alikuwa anaisikia kwenye taarifa ya habari.

Walipovuka Mwatate na kuanza zile kona, aliona kitu cheupe kimefunika barabara mbele.

"Nani huyo anachoma takataka asubuhi hii?" akauliza kwa hasira.

Dereva alimtazama ili aone kama anafanya mzaha. "Fundi, hayo ni mawingu."

Walipofika, gauni la maua lilikuwa limemganda mwilini na meno yake yanapiga makofi. Kwaya ilikuwa inavalia kwenye darasa la shule iliyo karibu na kanisa. Kathini aliingia na mafurushi yake, akainua macho, na moyo ukamshuka hadi kwenye vile viatu vya wazi.

Kila mtu alikuwa amevaa sweta. Wengine mbili. Mzee mmoja wa besi alikuwa na sweta, koti la sufu, na shali ya mke wake. Wale watu wembamba aliowapima Kaloleni walikuwa wamebaki Kaloleni.

Mzee wa besi ndiye alijaribu wa kwanza. Joho lilipita kichwani, likafika mabegani, likakwama. Akabaki na mikono juu, sauti ikitoka ndani ya kitambaa: "Nimeshikwa! Nitoeni!" Wakamvuta kama wanavyovuta muhogo. Mama mmoja alifaulu kuvaa lakini hakuweza tena kushusha mikono, akawa kama anayebariki darasa.

"Fundi," Mama Lynn akasema polepole, "ulitupima ukiwa umefumba macho?"

"Mama Lynn, toeni sweta kidogo tu. Mkimaliza kuimba mnavaa."

Bibi mmoja wa sauti ya tatu akamtazama kwa upole wa kutisha. "Mwanangu, nikitoa hii sweta leo, wiki ijayo mtarudi kunizika. Na majoho mtakuwa nayo tayari."

Wakati huo huo kichwa cha Hillary kikaingia mlangoni. Alikuwa amekuja na makoti yake ya wahudumu. Akayaona majoho yaliyokwama, akamwona Kathini anatetemeka katika maua yake, akafurahi kama mtoto.

"Fundi! Kumbe leo wewe ndiye umebana!"

Nje, watu walikuwa wameanza kujaa uwanjani. Mgeni rasmi alikuwa amecheleweshwa na ukungu, lakini ukungu haudumu milele. Mama Lynn alikuwa ameanza kuwaangalia wanakamati wake, na wanakamati walikuwa wameanza kutabasamu kwa namna ambayo wanakamati peke yao ndio wanaiweza.

Kathini alifanya alichokuwa akifanya tangu meno ya utotoni kila alipokwama na nguo: akachukua joho la mzee wa besi akaligeuza nje ndani. Na pale ndani, upana wa vidole vitatu kila ubavu, kitambaa cha zambarau kilikuwa kinamngoja. Mstari wa pili, mshono mrefu. Mstari wa kwanza, mshono mdogo, karibu na ukingo.

Alitazama ile mistari. Akatazama dirisha, lilivyokuwa jeupe kwa wingu. Akakumbuka koti la yule mzee aliyekauka kama kuni. Halafu akaanza kucheka peke yake, meno yakigongana, mpaka Mama Lynn akadhani baridi imempanda kichwani.

"Mzee mjanja huyu," Kathini akasema. "Miaka yote hiyo! Wembe! Nani ana wembe?"

Kioski cha karibu kilikuwa na nyembe. Ndani ya muda mfupi kwaya nzima ilikuwa imekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamefika masikioni, kila mtu na joho lake mapajani. Kathini alipita katikati yao na sauti yake ya kengele. "Kata ule mrefu! Mrefu peke yake! Baba, huo ni mdogo, ukiugusa nakukata wewe. Sasa vuta." Uzi ulitoka mrefu kama tambi, na majoho yakafunguka, ubavu huu, ubavu ule, kwapa, mikono. Mtu akaanzisha wimbo, wengine wakadakia, wakawa wanavuta nyuzi kwa mdundo. Mzee wa besi akavaa tena. Joho lilipita kichwani, mabegani, likashuka juu ya sweta, juu ya koti, juu ya shali, likafika chini kama pazia.

"Eh!" akasema. "Hata mtoto wa jirani ataingia."

Mama Lynn akasogea karibu, akaweka kidole kwenye ubavu wa joho. Pale mshono wa pili ulipotoka palikuwa na mstari wa alama za sindano ulionyooka kutoka kwapani hadi chini, unaonekana vizuri. "Na hii?"

Kathini aliuona mstari wa gauni lake la darasa la sita.

"Hiyo ni staili, Mama Lynn. Inamwonyesha mtu urefu wake."

Mama Lynn alitazama kwaya yake, wote wamesimama na mistari yao ubavuni. Kweli walionekana warefu, hata yeye mwenyewe alijinyoosha. "Mbona hukusema mapema?"

"Ilikuwa inangoja hali ya hewa."

Mama Lynn akachukua joho lake, akavuta uzi kwa madaha ya mwenyekiti. Kukasikika sauti ya kitu kinachoachana. Ubavu wote ulikuwa umefunguka kutoka kiunoni hadi kwapani, na sweta yake ya kijani imechungulia nje. Ndilo lile joho la mwisho, la asubuhi ya honi. Mstari wa kwanza haukuwepo.

Na kama vile alikuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja hapo tu, Reuben akaingia. Fimbo mkononi, tai shingoni, sweta ya rangi ya matope hadi magotini. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mama Lynn, akashika ule ukingo uliokuwa wazi, akaugeuza, akautazama akiwa amekunja pua.

"Hii," akasema ili darasa zima lisikie, "ilishonwa na mtu mwenye haraka."

"Ni hiyo moja tu, Mzee," Kathini akasema. "Geuza zingine."

Aligeuza. Joho la mzee wa besi, la bibi wa sauti ya tatu, la huyu na la yule, mbele ya watu kama alivyoahidi. Aliangalia mstari wa kwanza, ule ambao hakuna mtu angeuona, akaufuata kwa ukucha wa kidole gumba kutafuta kona. Hillary mwenyewe alikuwa amesogea, ameacha kucheka, anatazama ndani ya joho kama mtu anayetazama injini.

"Barabara imenyooka," Reuben akasema mwishowe.

Akatoa sindano nyuma ya kola, uzi ulikuwa tayari, akamshonea Mama Lynn ubavu akiwa amesimama vile vile. "Usipumue, mwenyekiti. Pumua ukiingia kanisani." Halafu, bila kuinua macho: "Kathini, kwa nini unatetemeka?"

"Ni baridi, Mzee! Kwa nini hukuniambia? Miaka yote nauliza, ungesema tu, kwetu kuna baridi, watu wanapimwa Voi na joto, wakirudi nyumbani wanavaa sweta ndani. Neno moja!"

"Ningekuambia baridi, ungeelewa nini? Wewe ni mtu wa Voi." Akakata uzi kwa meno. "Mwaka wangu wa kwanza huko chini nilimshonea baba yangu koti, nikampima pale sokoni. Alilivaa mabegani tu kama kanga mpaka alipokufa, hakutaka kunisikitisha. Kwa hiyo unampima mtu huko chini, sawa. Lakini jiulize anaishi wapi."

Akavua sweta yake, akamvalisha juu ya maua. Ilimfika magotini na ilinuka moshi wa kuni. Yeye alibaki na shati na tai, akatoka nje amejinyoosha, akitembea kama mtu ambaye baridi inamwogopa.

Kwaya iliingia kanisani. Waliimba vizuri, lakini sitadanganya, waliotazamwa zaidi walikuwa wahudumu wa mlangoni. Makoti ya Hillary yalikuwa mazuri kweli, ila juu ya sweta hayakufunga hata kifungo kimoja. Siku nzima walisimama wameshika makoti kwa mikono yote miwili mbele ya tumbo, na kila mgeni aliyenyoosha mkono kusalimia alibaki na mkono wake hewani.

Kuanzia Julai ile, wateja wa milimani wamekuwa wakishuka Kaloleni wakiulizia "fundi wa mstari". Hillary, ambaye si mjinga, alianza mara moja kushona nguo zenye mstari ubavuni. Kathini alikwenda akageuza moja, akaona mstari ni urembo tu na ndani hakuna kitu. Alimrudishia akimwambia nguo bado haijafika. Mama Koki, ambaye sasa anauza akiwa ameketi muda wote, aliposikia hiyo alidai malipo ya hakimiliki ya maneno yake.

Na ile sweta ilibaki. Reuben aliikataa Kathini alipotaka kuirudisha. Inaning'inia kando ya kioo, na swali la kwanza la Kathini kwa mteja si mtindo gani, wala lini. Ni "Utavaa wapi?" Ukisema Voi, Mata au Mboghoni, huku chini kwenye joto, anakupima ulivyo. Ukisema juu, anaonyesha sweta kwa kidevu. Swali hilo analiuliza hata kwa mambo yasiyo ya nguo. Dada mmoja wa hapa jirani alikuja kumlalamikia mchumba wake kwamba ni kimya sana. Kathini akamuuliza, "Umemwona wapi? Hapa dukani kwangu, mbele ya mdomo wangu? Mwangalie kwao kwanza, halafu urudi."

Mwezi uliopita, saa saba mchana, muziki ng'ambo ya barabara ukiwa unapiga, Hillary alivuka. Safari hii hakuja kuchokoza. Alisimama mlangoni akikuna kichwa.

"Fundi, nataka suti."

"Wewe si fundi? Jishonee."

"Mgongo wangu siufikii."

"Na wale vijana wako?"

Akaangalia chini. "Nataka yenye... ile ya ndani."

Kathini akaweka mkasi chini. "Harusi?"

"Cynthia. Yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Mama Lynn. Tulijuana siku ile ya makoti, aliniuliza kama wahudumu wanaumwa na tumbo."

Sisi tuliokuwa nje tulisogea karibu na mlango, kwa ajili ya kivuli. Kathini alichukua futi yake, akaivuta mara moja hewani, na kumtazama kijana kutoka juu hadi chini.

"Utavaa wapi?"

"Kwao. Juu."

Kidevu kikaelekea ukutani. Hillary aliitazama sweta, akatazama jua lililokuwa linapasua mabati, akatutazama sisi mlangoni.

"Fundi, haki ya Mungu, kuna joto."

"Vaa."

Akaivaa. Jasho lilianza kabla kichwa hakijatokea upande wa pili. Akanyoosha mikono pembeni, amefunga macho, tayari.

"Juu wapi?" Kathini akauliza, futi ikiwa bado mkononi. "Hapa hapa Wundanyi, ama kule mbele ya Werugha?"

"Kule mbele."

Kathini akafikiri kidogo, kisha akaenda nyuma ya pazia, akarudi na koti la sufu.

"Na hili juu yake. Funga vifungo vyote."